Doa jekundu chini ya Carina yangu

Asubuhi moja nilitoa gari uani kwetu Chumbageni, hapa Tanga, nikaona doa jekundu kwenye sementi, upana wa kisahani cha chai. Usukani nao ulikuwa na siku tatu tangu uanze kulia: kila nikikata kona kuingia Ngamiani, mlio unatoka kwenye injini kama mashine ya kusaga inapowashwa. Gari ni Toyota Carina ya mwaka 1998, otomatiki, na ndilo linalomleta mama kliniki hospitali ya Bombo kutoka Muheza, kama kilomita 35. Nikiwaza usukani umekuwa mzito ghafla pale Pongwe, katikati ya malori ya saruji, na mama yuko pembeni yangu, nilikosa raha. Sikulaza damu.

Gereji ya kwanza, fundi alimulika chini kwa tochi, akakuta kote kumelowa, akasema, "Dada, hii reki imekufa. Tubadilishe." Reki ni kile chuma kirefu kinachosukuma matairi ya mbele ukikata usukani. Reki ya mtumba laki mbili na nusu, ufundi elfu sitini. Nikamuuliza amejuaje kuwa ni reki. Akanijibu kwamba magari haya yote mwisho wake ni reki. Sikuridhika. Mtu akikutajia bei kabla hajakuonyesha oili inatokea wapi, una haki ya kuondoka, nami niliondoka.

Nyumba ya tatu kutoka kwangu anakaa mzee aliyeendesha malori ya mkonge miaka mingi. Nikamwendea. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Umeliosha?" Nikasema bado. "Basi hujaona kitu. Oili haidondoki pale inapotokea. Inatambaa kwanza, na ukienda mbio upepo unaisukuma nyuma."

Kabla ya kuosha, nilitaka kujua hiyo nyekundu ni nini hasa, maana kwenye gari kama langu ziko tatu. Maji ya rejeta ya Toyota yanaweza kuwa mekundu, lakini ni mepesi kuliko oili. Gia boksi ya otomatiki inatumia oili nyekundu, na pawa stelingi, yaani pampu na mipira inayosukuma oili ili usukani uwe mwepesi, inatumia hiyohiyo, ATF. Kwenye kifuniko cha kikopo changu cha oili ya pawa stelingi imeandikwa kabisa Dexron, aina ya ATF. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Nilivuta stiki ya gia boksi nikakuta kiwango kiko sawa. Nikafungua kikopo cha pawa stelingi: oili imeshuka chini ya alama ya mwisho. Hapo gia boksi nikaiweka kando.

Kuosha kulichukua asubuhi nzima. Nilifunga altaneta, ile inayochaji betri, kwa mfuko wa nailoni, nikasugua pampu, mipira na chini kote kwa brashi na dizeli, halafu sabuni ya unga na maji, nikaacha jua likaushe. Mzee akaniambia ninunue poda ya mtoto. Nikainyunyiza kwenye mipira yote miwili ya oili, wa presha unaotoka kwenye pampu na wa kurudishia, kwenye maungio ya pampu, na kwenye buti mbili za reki, yale mafuniko ya mpira ya pembeni, hadi pakawa peupe. Nikajaza oili, nikawasha gari, mpwa wangu akawa anazungusha usukani kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho. Nilimkataza kuung'ang'aniza pale mwisho zaidi ya sekunde chache, kwa sababu hapo ndipo pampu inapobanwa sana. Presha inaweza kupita baa 60, wakati tairi lako lina baa 2 na kitu. Kwa sababu hiyohiyo usipeleke kiganja kupapasa mpira wa presha injini ikiwa inanguruma. Tumia tochi na macho.

Dakika kumi, hakuna kitu. Poda nyeupe vilevile. Mzee akasema litembee lipate joto. Nikaenda Raskazone na kurudi, nikafungua boneti.

Kwenye mpira wa kurudishia oili, ule unaotoka chini ya kikopo, poda ilikuwa imegeuka ya waridi. Mstari mwembamba umeanzia chini ya klipu, umefuata tumbo la mpira, umeshuka hadi kwenye chuma, na kutoka hapo unadondokea juu ya buti ya reki. Nilikaa nikaangalia tone moja likikua chini ya klipu, likawa duara, likaachia. Reki ililoweshwa na tone hilo, siku baada ya siku. Kwa uhakika zaidi nilifungua klipu ya buti na kuchungulia ndani: pakavu. Sili za reki, zile zinazozuia oili isitoke, zikifa, oili hujaa ndani ya buti.

Nikaubonyeza ule mpira. Kidole kilizama kama kwenye nyanya iliyoiva. Haukuwa mpira wa oili; mtu huko nyuma alifunga mpira wa maji. Mpira wa aina hiyo ukikaa na oili ya moto unavimba na kulainika, klipu ikibanwa inaukata tu.

Dukani Ngamiani niliomba mpira wa oili, muuzaji akaniletea wa petroli. Nikamwomba tusome maandishi ubavuni, tukarudisha miwili mpaka tukapata unaohimili oili na joto. Upana wa ndani milimita 10, urefu nusu mita, klipu mbili za kukaza kwa bisibisi, na lita moja ya ATF: elfu 34 vyote. Oili ya breki nilikataa hata kuishika, maana inaharibu sili za pawa stelingi.

Oili ya zamani niliinyonya kwa bomba la sindano. Mpira nikauzungusha kwanza ndipo nikauvuta. Ncha ya bomba la chuma ilikuwa na kutu, hapa pwani chumvi haisamehe chuma, nikaisugua kwa msasa laini hadi ikateleza, nikaifuta vizuri vumbi lisiingie ndani. Mpira mpya ukaingia sentimita mbili na nusu, klipu nikaiweka nyuma ya ule ukingo wa bomba.

Kutoa hewa iliyoingia kwenye oili ndiko kulikobaki. Niliinua matairi ya mbele, nikayapumzisha kwenye stendi, na injini ikiwa imezimwa tukazungusha usukani mwisho hadi mwisho mara ishirini, huku nikiongeza oili kila inaposhuka. Mapovu yalipokwisha tukawasha, tukarudia polepole. Povu lilirudi kidogo, tukazima nusu saa, tukaanza tena. Mara ya tatu mlio ukakatika.

Usiku nililaza boksi la katoni chini ya injini. Asubuhi lilikuwa na tone moja, mabaki yaliyokwama kwenye chuma. Usiku wa pili na wa tatu, kavu. Alhamisi nilimfuata mama Muheza, tukafika Bombo mapema.

Kila Jumapili nafungua kikopo, na oili haijashuka. Mpira wa presha una nyufa kwa nje karibu na pampu. Huo hauungwi kwa klipu hata siku moja, ni kununua mzima, na hela yake nimeshaanza kuiweka.