Sahani iliyorudi tupu

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi nakabidhi simu yangu langoni, nasaini daftari, naingia na kapu la dawa na mafaili yangu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Gereza lenyewe silitaji, mkoa nao msiniulize.

Ninayeletewa kwanza siku zote ni mwenye kelele: aliyegonga mlango usiku kucha, aliyemtukana askari, aliyevua nguo wakati wa kuhesabiwa. Huyo hana haja ya mimi kumgundua, selo nzima ilishamgundua. Ninayemtafuta ni yule wa pembeni, ambaye afande atakwambia, "Huyo hana shida, Sista. Mstaarabu sana."

Kuna dodoso moja la kupima mahitaji, lilitungwa Camberwell, London. Toleo lake la wagonjwa wenye kesi lina maeneo 25: chakula, usafi wa mwili, dawa, upweke, pesa, mpaka simu na usafiri. Unaandika 0 kama hakuna shida, 1 kama shida ipo lakini anasaidiwa, 2 kama ipo na hakuna anayeigusa. Siku tunafundishwa, tulipofika kwenye simu na usafiri darasa zima lilicheka. Mahabusu aende wapi? Karandinga si lipo!

Nililolipenda ni hili: mgonjwa anaulizwa kivyake, mhudumu kivyake, na majibu yao yakipishana unayaandika yote mawili. Mimi nikaongeza mtu wa tatu ambaye London hawakumfikiria, nyapara.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, mahabusu, kesi ya kuchoma nyumba. Mahakama ilikuwa bado haijaagiza apelekwe Isanga, hospitali ya wagonjwa wa akili wenye kesi kule Dodoma, ambako sheria inatoa siku 42 za kumchunguza na kuandika ripoti. Hata hivyo swali la Isanga ni kama alikuwa na akili timamu siku ya tukio. Langu dogo zaidi: leo amekula?

Afande alijibu bila kufikiri. Anakula vizuri, sahani inarudi tupu. Nikaandika 0. Kijana mwenyewe akasema, "Nakula, Sista, nashukuru," macho yakiwa kwenye mikono yangu, si usoni. Nikaandika 0 nyingine. Lakini shati lilikuwa linamning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini.

Nyapara nilimkuta anagawa ndoo za maji. Mtu mzima, kifungo kirefu, anayejua nani anakoroma na nani analia. Akacheka kidogo. "Sahani inarudi tupu kwa sababu jirani zake wanamshukuru Mungu kila siku. Ugali hagusi. Maharage hagusi. Yeye siku ya viazi tu, tena visivyomenywa. Anakigeuza, anakitazama ganda lote kama lina tundu, ndiyo anamenya mwenyewe."

Nilirudi kwa kijana na ndizi moja, kwa ruhusa ya afande. Aliizungusha taratibu, akapitisha kucha kwenye ganda toka kikonyoni hadi nchani, akala kwa haraka mno. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekutahadharisha, kwamba sumu haipenyi ganda.

Nilifuta 0 zote mbili. Daktari akamwandikia Modecate, sindano ya ugonjwa wa akili ya mara moja kwa mwezi, maana vidonge humo ndani vinajificha chini ya ulimi. Na Artane, za kuzuia mwili usikakamae, zina soko lake: vidonge kadhaa kwa kipande cha sabuni. Kwa hiyo zake tulimkabidhi mganga wa zahanati ya gereza, kijana azimeze mbele yake. Jikoni wakakubali kumtengea viazi vya maganda, siku vinapokuwepo. Siku visipokuwepo sikupata dawa yake, nisidanganye.

Likabaki eneo la simu, lile tulilolichekea pamoja na usafiri. Nilipomuuliza nani wa kwao anajua yuko hapa, akanitajia namba ya dada yake kwa kichwa, haraka kama mtoto anayesoma jedwali. Nikaandika. Tarakimu tisa. Akarudia, tisa tena, zilezile.

Nje ya lango, chini ya mwarobaini, nilirudishiwa simu yangu nikaanza kujaza ya kumi. 0, haipo. 1, mzee mmoja akanigombeza. 2 haipatikani. Nilipofika 6 akapokea mwanamke, nyuma yake mashine ya kusaga inanguruma. Nikamtaja kijana kwa jina la ukoo.

Mashine ikawa inasikika kwa mbali. Nadhani alitoka nje. Hakuuliza kesi, hakuuliza nimempataje.

"Bado anakagua maganda?" akasema. "Alianza mwaka ule mama alipofariki."

Nikafungua faili juu ya goti, nikamwomba anihesabie ni mwaka gani.