Wekundu ndani ya kinundu

Leo asubuhi nimeng'oa mche mmoja wa kunde katika shamba letu la Kongwa, Dodoma, nikijua kabisa kwamba mama angenilaumu kwa kuharibu mche uliokwisha kutoa maua.

Msimu huu tulipaka mbegu bakteria wa raizobia kabla ya kupanda, tena kivulini, kwa kuwa jua kali huwaua, kisha tukatia katika kila shimo samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. (Samadi mbichi tuliwahi kuijaribu, iliunguza miche, nami sipendi kuikumbuka.)

Mizizi ilikuwa imejaa vinundu, vile viuvimbe vidogo wanamoishi bakteria hao. Nilikipasua kimoja kwa ukucha.

Ndani kilikuwa chekundu kama nyama.

Rangi hiyo ni dalili kwamba bakteria wamo kazini, wakiichukua nitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu ambacho ndani ni cha kijani hakifanyi tena kazi hiyo.

Mama alikitazama kwa muda mrefu, akasahau kunigombeza, kisha akauliza: "Kumbe mizizi nayo ina damu?"

Nilikosa jibu.

Ndugu mnaolima kunde, choroko au karanga katika maeneo makavu, mmewahi kuvipasua vinundu vyenu? Mlikuta rangi gani?