Maneno 500 kabla ya chai

Mwaka wa tatu sasa naandika kwa kujitegemea hapa Moshi, na kwa nilivyoona kinachoua kazi hii sio uvivu, ni kukosa mtu wa kukuuliza leo umefanya nini. Nakaa Rau, naamka saa kumi na moja na nusu, simu naiacha chumbani, naandika maneno 500 kabla sijanywa chai. Muda huo Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi inaonekana yote, ikifika saa nne mawingu yameshafunika na mimi kichwa kimeshachoka, kwa hiyo meseji na kufuatilia malipo nafanya mchana.

Ile njia ya kugawa muda ya Francesco Cirillo, wanaiita Pomodoro, dakika 25 kazi dakika 5 pumziko, inanisaidia sana siku ambazo hata sentensi ya kwanza haitoki.

Ngumu ni masika. Machi mpaka Mei watalii wanapungua, na wateja wangu wengi ni kampuni za kupandisha watu mlimani, kuna moja ilikaa miezi minne haijanilipa makala sita, nikakosa hata hela ya bando na kuandika kwenyewe nikashindwa kabisa. Tangu hapo nachukua nusu kabla sijaanza, na Juni hadi Oktoba naweka pembeni hela ya kodi, maana jamani kuandika huku mwenye nyumba anagonga mlango ni mateso.

Ijumaa jioni tunakutana waandishi wanne, mtori mezani, kila mtu anasoma alichoandika wiki hiyo, na ukija mikono mitupu unaulizwa.