Soma Kiingereza kama Kiswahili, utasikia cha miaka 600 iliyopita

Chukua neno name, ulisome kwa irabu zetu kama lilivyoandikwa: na-me. Fanya hivyo kwa time: ti-me. Kisha moon kwa oo ya kondoo, na feet kwa ee ya mzee. Mwingereza wa leo atakukodolea macho. Mtu wa London wa mwaka 1400 angekuelewa bila shida, maana naye alitamka hivyo, au karibu sana na hivyo.

Tunafundishwa kwamba tahajia ya Kiingereza haina mpango. Mpango upo, ila ni wa matamshi yaliyokwishahama. Kati ya mwaka 1400 na 1700 hivi, irabu ndefu za lugha hiyo zilipanda ngazi mdomoni. Simama mbele ya kioo utamke a, e, i polepole: taya linafunga kidogo kidogo na ulimi unapanda. Njia ndiyo hiyo. A ndefu ilipanda ikawa e, na name ikaelekea kuwa neim. E ndefu ikawa i, ndipo feet ikawa fiit. Upande wa nyuma wa mdomo, o ndefu ikawa u: moon ikawa muun. I na u zilikuwa juu kabisa tayari, hazina pa kupanda, kwa hiyo kila moja ikapasuka ikawa sauti mbili. Ti-me ikawa taim, na house, iliyokuwa huus, ikawa haus.

Kwa nini zihame kwa pamoja? Kwa sababu irabu zinabanana. Moja ikisogea karibu mno na jirani yake, maneno huanza kugongana masikioni, na inayobanwa nayo husogea. Isiposogea, mbili zinakuwa moja. Ndiyo yaliyoipata meet na meat. Zamani zilikuwa na e mbili tofauti, ya meat ikitaka mdomo uliofunguka zaidi, na tofauti ya tahajia inatoka hapo. Baadaye zikaungana. See na sea vilevile.

William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, safari hiyo ikiwa katikati. Wachapaji walirithi tahajia ya wanakili wa zamani, na kadiri vitabu vilivyoenea ndivyo ilivyoganda. Midomo haikuganda. Neno knight lilibaki na k iliyokuwa ikisikika, na gh iliyotamkwa kama kh ya sheikh. Lakini usidhani kila herufi bubu iliwahi kuwa na sauti. Debt liliingia kutoka Kifaransa kama dette. B ilipachikwa na wasomi waliotaka asili yake ya Kilatini, debitum, ionekane. S ya island ni kosa tupu: neno la kale halikuwa nayo, ikachukuliwa kutoka isle, ambalo ni la ukoo mwingine kabisa.

Kanuni ya kupanda ngazi hukwama pale irabu ilipofupishwa kabla ya safari kuanza. Weka five karibu na fifty, keep karibu na kept, wise karibu na wisdom. Mara nyingi irabu iliyofuatwa na konsonanti mbili ilifupishwa mapema, na irabu fupi hazikupanda, kwa hiyo i ya fifty bado iko pale pale. Food, good na blood zinawasumbua wanafunzi kila siku, nazo zote zilianza na o ndefu ile ile. Zote zilipanda zikawa u. Food ikabaki ndefu. Blood ilifupishwa mapema, ikaikuta u fupi ikigeuka kuwa sauti ya cup, ikageuka nayo. Good ilifupishwa mageuzi hayo yakiwa yamepita. Kumwambia mwanafunzi akariri tu ni kumnyima ufunguo ambao upo.

Sarufi nayo hutembea, na hapa Kiswahili kinatusaidia mno. Will ya Kiingereza cha Kale, cha kabla ya mwaka 1100 hivi, ilikuwa na maana ya kutaka. Anayetaka kufanya jambo, kwa kawaida atalifanya baadaye. Msikilizaji huondoka na wazo hilo la baadaye kila mara, hadi likawa ndiyo maana yenyewe. Sisi tulipita njia hiyo hiyo: -ta- ya wakati ujao ni -taka iliyochakaa, na ukisema atakayekuja unaiona nzima. Going to iko njiani sasa hivi, kutoka mwendo kwenda wakati ujao, na imechakaa ikawa gonna. Ipime: I'm gonna eat inakubalika, lakini I'm gonna London haikubaliki. Iliyoliwa sauti ni ile ya wakati ujao peke yake.

Mara nyingine mabadiliko ni kosa la kukata. Masikio hupokea mkondo wa sauti usio na nafasi kati ya maneno. A napron ikasikika an apron, ikabaki hivyo. Nickname ilikwenda kinyume: an ekename, jina la ziada, iliiba n ya mbele yake. Sisi tulipopokea mudguard tukasikia madigadi, ma- tukaihesabu kuwa ya wingi, na moja ikawa digadi.

Vitenzi vinaonyesha mwendo wenyewe kwa hesabu. Kati ya vitenzi 177 vilivyochunguzwa, ambavyo katika Kiingereza cha Kale havikufuata kanuni ya kawaida ya wakati uliopita, 145 vilibaki hivyo katika Kiingereza cha Kati, kilichofuata hadi mwaka 1500 hivi, na leo ni 98. Help ilikuwa na holp na holpen, leo ni helped. Kitenzi kinachotumika mara 100 pungufu ya kingine hunyooka kuwa cha -ed kwa kasi mara 10 zaidi, kwa kuwa umbo lisilosikika mara kwa mara halikai kichwani, na mtu akilikosa hujiundia lingine kwa kanuni. Learnt na learned bado zinavutana, dreamt na dreamed pia. Goed huisikii ila kwa mtoto mdogo, naye huiacha mwenyewe, kwa jinsi anavyoisikia went kutwa nzima.