Siku yangu moja: kuuza vitenge kwa mkono mmoja

Saa 11 alfajiri. Kabla ya swala nasafisha tundu la shingoni. Tangu madaktari waliponiondoa zoloto, yaani kiungo cha sauti kilichomo kooni, kwa sababu ya saratani, napumulia hapo. Hewa haipiti tena puani ikapata joto na unyevu, hivyo makohozi huganda usiku. Kisha naangalia chaji ya kifaa changu cha kusemea.

Saa 1 asubuhi. Nafungua duka, Ngamiani, Tanga. Wanafunzi wanapita: "Shikamoo, babu!" Hadi nishike kifaa, wameshavuka barabara. Marahaba nawapungia kwa mkono.

Saa 4. Wateja wamejaa. Kifaa nakibana chini ya taya. Kinatetema, mtetemo unaingia kinywani, ulimi na midomo vinaufanya maneno. Sauti yake haipandi wala haishuki. Tena kinataka mkono mmoja, na kitenge hupimwa kwa miwili. Nikikunjua jora nanyamaza, na biashara yenyewe imo hapo hapo: unavuta kitambaa huku unamsifia mama rangi aliyochagua, unamtania, naye anakubembeleza umpunguzie. Sasa bei naandika kwenye kikokotoo, rangi naonyesha kwa kidole. Haja zote za duka zinakwisha bila kutamka neno. Ugonjwa umeninyang'anya yale yasiyo na haja: soga, mzaha, kudakia maneno ya mtu kabla hajayamaliza. Watu walikuwa wakirudi dukani kwangu kwa ajili ya hayo.

Saa 6. Kuli aliyeleta mzigo sauti imemkauka tangu mwezi uliopita. Anasema ni vumbi. Nimemshika mkono. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, koo likapimwe, saratani hii ikiwahiwa inatibika. Nimemrudia maneno hayo mpaka akaniahidi atakwenda.

Saa 9. Simu. Wasionijua hukata, wakidhani ni mashine inaongea.

Saa 1 usiku. Baraza la kahawa. Ubishi ni Coastal Union ya 1988, mwaka ilipotwaa ubingwa wa ligi. Kwa kawaida nikiinua kifaa wote hunyamaza, wananitazama kwa huruma kama wako hospitali, na utamu wa mazungumzo unakufa. Leo jirani yangu hakungoja. Nimefika nusu ya hoja, akaruka: "Wewe muongo, siku hiyo uwanjani hukuwepo!" Nimefurahi kupita kiasi. Akaanza kupanga kikosi chake, na kabla hajafika kwa mabeki nikabonyeza kifaa, nikamkatiza.