Mama na jembe lake

Saa kumi alfajiri mama alifungua geti, akabeba jembe lake, akaenda shambani tambarare. Shamba lenyewe tulishaliuza siku nyingi. Nilimpata saa tatu asubuhi karibu na Kwa Sadala, miguu peku, khanga inaburuzika, kazungukwa na watu wasiomjua. Mmoja anasema huyu ni mchawi kakuchiwa njiani. Mwingine kashaokota jiwe. Nilimkumbatia mama nikapiga kelele: huyu ni mama yangu, anaumwa!

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo mbele za watu. Miaka miwili nilikuwa namficha. Mgeni akibisha hodi, najibu mama kapumzika. Kwenye kituo kimoja cha afya niliambiwa ni uzee tu, nikarudi nyumbani nikaamini. Lakini mzee husahau kutia chumvi kwenye mtori. Mama yangu alikuwa anasimama jikoni na ndizi mkononi, hajui inamenywaje, yeye aliyetulea kwa mtori huo.

Baada ya mkasa ule nilimpeleka hospitali kubwa. Walimpima sukari, presha, tezi ya shingo, kaswende, VVU na upungufu wa vitamini, maana yapo magonjwa yanayoleta usahaulifu na yanatibika. Yote hayakuwepo. Daktari akasema ni demensia, na inaelekea ni ile ya Alzheimer: ubongo unaharibika kidogo kidogo na dawa ya kuuponya haipo. Akaniambia pia kwamba watafiti walishapita vijiji vya wilaya yetu hii hii ya Hai, Kilimanjaro, na katika matokeo waliyotoa 2013, kama wazee 6 kwa kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na tatizo hilo. Nilikaa kwenye benchi nikawaza: basi hao wengine wako wapi? Wamefichwa, kama mama.

Alhamisi iliyofuata nilisimama kwenye jumuiya. Nilieleza kila kitu, hata yale ya kukojoa kitandani, hata usiku niliomfokea mpaka akalia kama mtoto. Nililia na mimi. Kabla hatujaagana wanawake wawili wakanivuta pembeni. Mmoja baba yake, mwingine mama mkwe.

Kutoka hapo mzigo ukaanza kugawanyika. Mama jirani anakaa na mama Jumanne na Ijumaa, mimi niko kwenye cherehani yangu. Kijiweni kwa bodaboda nilikwenda na picha ya mama nikawaomba vijana: mkimwona na jembe, msibishane naye. Ukimwambia shamba liliuzwa anaanza vita, kwa sababu kwake ni taarifa ya leo. Mwambieni, "Bibi, twende kwanza tukanywe chai." Wakalishika.

Wanakwaya wenzake wa zamani wanakuja tunachambua maharage pamoja. Mikono yake haijasahau kazi hiyo. Kijiwe kidogo namna gani atakitoa. Siku moja mmoja wao alianzisha wimbo wa ibada, mama akauimba beti zote nne, naye jina langu halijui. Baadaye nilisikia kuna mpango kamili wa namna hiyo kwa vikundi, vikao 14 vya kuchangamsha akili, na ulishajaribiwa hapa hapa Hai. Sisi tulikuwa tunafuata maharage yetu tu.

Mengine tumefundishana sisi watatu. Jioni jua likizama mama anahangaika, anataka "kwenda kwao". Siku hizi nawasha taa mapema na kumpa kazi ya kukunja nguo. Kioo cha chumbani nimekifunika kitenge kwa sababu alikuwa anamwogopa yule bibi aliyemo ndani. Na hili wenye wagonjwa walishike sana: akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, usiseme ugonjwa umekua. Mama aliwahi kuweweseka wiki nzima, kumbe ni mkojo mchafu. Alipotibiwa alirudi pale pale alipokuwa.

Tunakutana kila mwezi, tunachanga elfu mbili mbili za pampasi za watu wazima. Ni kidogo, lakini kwangu mimi kikao chenyewe kina thamani kuliko hela. Ndipo mahali pekee ninapoweza kusema nimechoka na asitokee mtu wa kunikumbusha radhi ya mzazi.

Kaka zangu ndio walikuwa wagumu. Wanakuja Desemba kama Wachagga wote, mama anachangamka kwa wageni, wanasema mbona mama mzima kabisa, wewe unakuza mambo. Desemba iliyopita sikubishana. Nilimwachia kaka mkubwa nyumba siku nne, nikaenda kulala kwa rafiki yangu Arusha. Niliporudi alikuwa kakaa kwenye ngazi, macho mekundu. Akaniambia, "Dada, pole." Sasa kila mwezi anamlipa binti wa kunisaidia usiku.

Juzi mama alitoka tena, binti alikuwa bombani anateka maji. Nilikuwa bado natafuta ndala nimfuate nikasikia pikipiki inaingia uani. Mama amekaa nyuma, kajifunga khanga vizuri, jembe kalishika kijana wa mbele.

"Tumeshakunywa chai," kijana akasema.