Usiku mashine kumi na moja ziliponikana

Kabla sijaandika skripti hata moja, yaani faili la maagizo yanayojiendesha, kazi ile niliifanya kwa mkono. Tulikuwa na mashine 12 za kuhifadhia mafaili kwenye mtandao, na kila saraka ya watumiaji, ile orodha kuu ya majina yao, ilipohama, nilizipitia moja baada ya nyingine: ingia, fungua ukurasa wa mipangilio, andika anwani ya seva ya LDAP (ndiyo lugha ya kuiulizia saraka), andika mzizi wa saraka, andika akaunti ya kusomea, hifadhi, toka. Mwanzoni unakuwa makini. Ukifika ya saba, vidole vinajiendea vyenyewe. Kuna siku niliacha nafasi tupu mwishoni mwa anwani nikaisaka kutwa nzima, maana nafasi tupu haionekani hata ukodoe macho vipi.

Siku nyingine tatizo lilikuwa saa. Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho mtandaoni, haitaki saa ya anayeomba huduma na ya anayeitoa zipishane kwa zaidi ya dakika 5, hilo ndilo sharti lake la kawaida, na mashine yetu moja ilikuwa nyuma kwa dakika 7. Jina sahihi, nenosiri sahihi, akaunti hai, na bado inakataa. Nilibadilisha nenosiri la ile mashine mara tatu kabla ya kufikiria kutazama saa. Hadi leo kitu chochote kikigoma mimi huanza na saa, na wenzangu hunicheka.

Basi lilipokuja agizo jipya nikasema safari hii sirudii utumwa ule. Agizo lilikuwa na mambo mawili: mazungumzo yote na saraka yahame poti 389, yaani mlango namba 389 wa mawasiliano, yaende 636 yakiwa yamefichwa, na watumiaji wote watoke kwenye saraka, zisitumike tena akaunti zilizotengenezwa ndani ya mashine. Nikakaa wiki mbili na Ansible, programu ya kupanga mashine nyingi kwa pamoja. Raha yake ni kwamba huiambii hatua za kupita, unaiambia unataka mashine iweje. Inatazama ilivyo, inalinganisha, inagusa panapotofautiana tu. Ukiiendesha mara ya pili haina la kufanya. Kilichobadilishwa kinaandikwa kwa njano, kilichokuwa sawa tangu awali kwa kijani, kilichoshindikana kwa nyekundu. Niliipenda ile kijani kuliko inavyofaa.

Kati ya mistari yote niliyoandika, kuna mmoja nitaukumbuka nikizeeka. Ni ule unaoiambia mashine itafute wapi jina la mtu anayebisha hodi. Kwa kawaida unasomeka hivi: files, ldap. Yaani tazama kwanza orodha yako ya ndani, ukikosa uliza saraka. Mimi nilisoma lile agizo la akaunti za ndani, nikapeleka kishale mwanzoni mwa mstari, nikafuta neno la kwanza na mkato wake. Likabaki ldap peke yake. Nikaona nimetii.

Tulikuwa wawili zamu ile. Mwenzangu alinizidi umri na miaka mingi ya kazi, nikimwita Kaka. Alikuwa na tabia moja iliyonikera: hafungi dirisha. Kwenye skrini yake kulikuwa na vidirisha vyeusi vya kila mashine aliyowahi kuingia tangu asubuhi, vimepandana kama karata.

"Umeanza na moja?" aliniuliza bila kugeuka.

"Nimeanza na moja, Kaka. Imepita."

"Ukatoka ukaingia tena?"

"Nimetoka, nimeingia."

Na ni kweli. Mashine ya majaribio niliifanya mchana, nikatoka, nikaingia upya kwa akaunti ya saraka, ikanipokea. Kwa hiyo usiku nikaziachia 11 zilizobaki kwa mkupuo. Njano, njano, njano hadi chini. Nikaendesha mara ya pili kuhakikisha: kijani tupu. Kazi iliyokuwa ikinila usiku mbili tatu imekwisha ndani ya dakika 6. Nilijisifu, kimoyomoyo na kwa mdomo pia.

Dakika arobaini na kitu baadaye ukaingia ujumbe wa mtu wa zamu ya usiku: mafaili yake yamebadilika mmiliki, sasa ni ya mtu aitwaye nobody. Nikatazama, nikaona namba 65534, ile wanayobandikwa wasiojulikana. Kabla sijamjibu, mwingine akasema ananyimwa ruhusa. Jirani yake meza ya pili anafanya kazi vizuri tu. Hilo la jirani ndilo lililonipoteza, nikadhani ni kompyuta zao. Nikajaribu kuingia mimi. Nikakataliwa. Nikaendesha skripti irudishe mipangilio ya zamani, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikaona nyekundu, mashine baada ya mashine. Nayo ilikuwa imefungiwa nje. Akaunti iliyokuwa ikiitumia kuingilia ilitoka kwenye saraka ileile.

Nilichokifanya ni kubadilisha kufuli la mlango ninaopitia, kisha nikatoka na kuuvuta.

Chanzo tulikijua baada ya nusu saa. Mashine ikipiga poti 636, seva ya saraka huonyesha cheti chake, kitambulisho chake cha kidijitali. Mashine nayo huuliza: aliyekisaini huyu ni nani, namjua? Kama cheti cha huyo msaini hainacho, inakata mawasiliano. Zile 11 hazikuwa nacho. Skripti yangu haikuwa na mstari wa kukiweka. Saraka ikawa haifikiki, orodha ya ndani nimeifuta njiani, kwa hiyo kila anayebisha hodi ni mgeni.

Ile kijani je? Mashine zetu zilikuwa zinakumbuka kwa saa moja majina ziliyoyapata mara ya mwisho. Nilipoendesha mara ya pili zilinijibu kwa kumbukumbu hiyo, kisha zikaanza kusahau kila moja kwa wakati wake. Ndiyo maana mtu mmoja ananyimwa na jirani yake bado anakula maisha.

Na ya majaribio ilipitaje? Hapo ndipo niliona aibu. Wiki tatu nyuma, nilipokuwa nachezea wazo hili, nilikipakia kile cheti kwenye mashine hiyo kwa mkono wangu, nikasahau. Nilikuwa nimejaribu skripti kwenye mashine pekee ambayo kasoro yake ilikuwa imeshazibwa.

Kulikuwa na akaunti ya dharura kwenye kila mashine, isiyouliza saraka wala orodha, inayokubali kuingia kwa kebo ya konso peke yake, ile inayochomekwa kwenye mashine yenyewe. Manenosiri yake yalikuwa kwenye bahasha zilizofungwa. Nikaingia chumba cha seva na kompyuta ya mapajani na kebo shingoni, Kaka akinisomea bahasha kwa simu, herufi kwa herufi, "kubwa" na "ndogo". Kila mashine dakika tano: ingia, rudisha files mbele ya ldap, pakia cheti, futa kumbukumbu ya majina, jaribu. Kumi zilifunguka hivyo.

Ya kumi na moja ikakataa bahasha yake. Tukasoma tena, pole pole. Ikakataa. Kuna mtu aliwahi kubadilisha nenosiri lile na karatasi ikabaki na la zamani. Nikakaa chini sakafuni, feni zikinipulizia mgongoni, nikiwa nimeanza kuhesabu itachukua muda gani kuirudisha mashine nzima kutoka kwenye nakala.

"Hiyo ni ipi?" Kaka akauliza kwenye simu.

Nikamtajia namba.

Kimya kidogo, kisha nikasikia panya ikibofya. "Mbona mimi nimo humu tangu asubuhi."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Alikuwa amesukuma kiti chake nyuma, kidole kimoja kikigusagusa panya skrini isije ikajifunga, na kati ya karata zote zile nyeusi moja ilikuwa mbele, kishale chake kikipepesa kwenye alama ya root, akaunti yenye mamlaka yote.

"Andika wewe," akasema. "Ila usilifunge dirisha langu."